Mama Aliyewaomba Majirani Wasimlishe Mwanawe

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio. Huko jikoni punguzeni kelele kidogo. Leo tunamkumbuka Wariara wa Bondeni, hapa Nakuru, aliyetuacha wiki iliyopita. Wengi mlimjua kama Mama Ngigi.

Mwaka wa 1961, Ngigi alishinda mashindano ya watoto wachanga. Enzi hizo mshindi alikuwa yule mzito kuliko wote, basi. Wariara alirudi nyumbani na mkebe wa kakao, kichwa juu. Akaendelea kumshindilia uji wa siagi, chai ya sukari tele, na mkate juu yake. Nani angemlaumu? Mtoto mnono alikuwa sifa ya boma.

Lakini Ngigi alipoanza shule, hakuweza kukimbia. Wenzake walimwita Lori. Akipanda kilima kidogo tu, anahema mpaka anakaa chini. Daktari akasema moyo wa mtoto unaelemewa.

Wariara akapunguza sukari nyumbani. Haikusaidia, maana Ngigi alikula kila mlango. Mnatujua, wasikilizaji: mtoto wa jirani hapiti bila kupewa kitu. Basi Wariara akafanya jambo la aibu kwa mama. Alibisha nyumba hadi nyumba, akiomba: "Tafadhali, msimpe mtoto wangu chakula."

Jamani, alisemwa! Mama mkwe wake alimkemea: "Unataka watu waseme kwa mwanangu Mburu kuna njaa?" Shakuntala, mwenye duka pale kona, alinuna kabisa. Yeye ndiye aliyekuwa akimpa Ngigi jalebi, zile tamtamu za Kihindi zilizochovywa kwenye shira, kila jioni.

Siku chache baadaye, Shakuntala akaja mwenyewe. "Mama Ngigi, mimi napenda hii mtoto. Sasa akikuja nipatie yeye nini?"

"Mpatie mahali pa kucheza," Wariara akasema.

Shakuntala akafungua uwanja ulio nyuma ya duka. Watoto wa mtaa mzima wakawa wanacheza huko kila jioni, akina mama wakiwaangalia kwa zamu. Wakichoka, wanapewa maji na machungwa. Jalebi ikangoja sikukuu ya Diwali. Na polepole, Ngigi akaanza kukimbia.

Leo ni mtu mzima, anafanya kazi Naivasha. Aliniambia hivi: "Nilimwambia mama hanipendi. Nilimwambia mbele ya watu. Alinishika tu mkono, tukaenda uwanjani."

Mzee Mburu, Ngigi, na jamaa wote, poleni sana. Mungu awatie nguvu. Nasi wazazi tujiulize, wasikilizaji wapendwa: tungekubali mtoto wetu atuchukie ili apate kuishi? Mimi sijui kama ningeweza. Wariara aliweza.