Bolti Iliyompiga Mkaguzi Kofia

Sikieni, Wiebke na Tjark, wanangu wawili niliojaliwa, sogezeni viti, wala mtu asinililie, maana daktari kaniruhusu chai yenye malai, na anayekunywa chai hajafa bado.

Nyumba ni ya mama yenu mpaka aichoke. Karakana ya kuchomelea ni yenu nyote, nusu kwa nusu, na hapo ndipo penye kazi, kwa kuwa tangu siku ile ya daraja la mfereji, mkaguzi alipogonga kwa nyundo bolti tulizochomelea juu ya boriti zake, moja ikatumbukia majini na nyingine ikampiga kofia, nyinyi hamjasalimiana.

Wewe Tjark ukafoka, "Dada kanunua bolti mbovu!"

Nawe Wiebke ukamrudishia, "Mbovu mikono yako!"

Nikaenda na mkongojo wangu, nikapiga magoti, nikatazama shina la bolti: upande mmoja chuma kimeyeyuka kikafurika, upande wa pili pakavu kama mkate wa juzi. Bolti zilikuwa nzima! Wewe Tjark ulibana waya wa kurudisha umeme upande mmoja tu wa boriti, moto ukavutwa ukakimbilia kando. Nawe Wiebke uliziacha garini zile pete za kauri zinazozungushiwa bolti wakati wa kuchomelea, zikanywa ukungu, chuma kikaota matundu. Kila mmoja alikuwa na nusu ya kosa, akambebesha mwenzake zima. Tukabana waya pande mbili, tukakausha pete kwenye oveni, tukakwangua kutu na rangi mpaka boriti ikang'aa. Mkaguzi akagonga tena. Bolti zikainama kama wazee kanisani, hata moja haikung'oka, naye akacheka.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kila asubuhi chomeleeni bolti mbili za majaribio, mzigonge mpaka ziiname; zikikatika, simamisheni kazi, mtafute sababu kabla ya kumtafuta mtu.

Jirani Focko anangoja mgawane karakana vipande vipande, anunue kwa bei ya kutupa. Msimuuzie. Ndugu wakigombana shika jembe ukalime, wakipatana shika kapu ukavune. Mimi kulima nimelima, wanangu, nataka kapu.

Pumzi... ngojeni. Wiebke, mpe mdogo wako mkono. Tjark, huo si waya, mshike vizuri. Ehe. Mungu awape... afya, na kazi isiyowaaibisha, na... nani huyo kacheka? Nyote wawili?

Chekeni tena, nisikie.