Habari za Vitani Anaulizwa Nani?

Asubuhi, jua likishapanda kidogo, benchi la nje ya duka la Mikdad, muuza vipuri vya baiskeli karibu na stendi ya Bagamoyo, halikosi watu. Mwinyimvua, muuza kahawa, hutua birika lake pale pale mlangoni, kashata pembeni, na mtu akishashika kikombe, nchi nzima inaongozwa kutokea hapo. Siku hiyo hoja ilikuwa vita. Jeshi letu lilivuka mpaka kwenda kusaidia nchi jirani, ikasemwa ni kwa muda mfupi, na sasa mvua za vuli zimekuja mara ya pili, askari bado wako huko. Alfajiri redio ilitangaza kwamba serikali inaomba fedha zaidi. Mikdad aliisikia akivaa viatu. Akavivua, akakaa tena kitandani. Binti yake Yasmini, dereva wa malori ya jeshi, yuko huko. Kijiweni Mikdad alikuwa amewaambia kwamba binti yuko kozi Dodoma. Si kwamba hakuwaamini wenzake. Aliogopa kwamba akilitamka tu, lile baya litasikia na kuja.

— Wanaongeza tena! — alianza Mtoro, ambaye hakosi kusikiliza Bunge, ndiyo maana wakambandika jina la Bajeti. — Hela hizo zingeweka lami mpaka Miono, na chenji ikajenga zahanati.

— Chenji gani, Bajeti? — alidakia Ridhiwani, kijana wa bodaboda, maarufu kama Kombora, akiwa amekalia pikipiki yake. — We unadhani kule wanapigana? Kule kuna dhahabu, mzee. Wanalinda mashimo ya wakubwa. Vita ikiisha, dili limekufa.

— Kwa hiyo zikatwe? — Mikdad aliuliza. — Watoto walioko kule wale nini?

Wote wakamgeukia. Mafuta yalipopanda bei, yeye ndiye aliyeitukana vita hiyo kuliko wote.

— Siku hizi umelainika, Mikdad. Wamekuahidi cheo? — aliuliza Bajeti.

Wakacheka. Naye akacheka.

— Mimi hela haziniumizi kichwa, — alisema Mwinyimvua akipepea mkaa. — Naogopa zile ndege zisizo na rubani. Siku maadui wakichoka na sisi watazileta huku. Mashamba ya miwa kule Makurunge, ukiyatazama kutoka juu, si utasema kambi?

— Na simu ndizo zinazozionyesha njia, — alisema Bajeti, na kweli akaizima yake.

Ridhiwani akamcheka, kisha na yeye akaitoa ya kwake mfukoni, akaitazama kwa mashaka. Mikdad hakuizima. Tangu Yasmini aache kupiga, hajaizima hata msikitini.

— Sikieni niwape ya ndani, — Ridhiwani alishusha sauti, wote wakainama. — Hela zinaongezwa kwa sababu wengi wameshakwisha. Wanazikwa huko huko, kimya kimya. Mishahara inaendelea kuingia, nyumbani wasishtuke.

— Astaghfirullah! — Mikdad alisimama ghafla, kahawa ikamwagika kanzuni. — Umeona wewe? Umeona kwa macho yako?

— Mzee, si maongezi tu?

— Maongezi!

Kabla hajaendelea, mama mmoja aliyekuwa amejibanza kwenye kivuli cha duka alisogea, kikapu mkononi, vumbi jekundu miguuni.

— Asalaam aleikum, kaka zangu.

— Waaleikum salaam. Karibu kahawa, mama.

— Ahsanteni. Mimi Kuruthumu, natoka Kiwangwa. Nimewasikia, naona hii vita mnaijua. Mwanangu Kulwa yuko huko, simu yake haiingii. Nielekezeni tu: mtu akitaka kumuulizia mtoto wake, anakwenda ofisi gani?

Ridhiwani akakazia macho tairi la pikipiki yake. Bajeti ndiye aliyejaribu.

— Labda... wilayani.

— Wilayani kwa nani?

— Hapo sasa.

Mwinyimvua aliendelea kupepea mkaa uliokwisha kuwaka.

— Yasmini hayuko Dodoma, — alisema Mikdad. Hakumtazama mtu. — Yuko huko na mwanao, dada. Naye hapigi.

Ridhiwani alishuka kwenye pikipiki taratibu.

— Mzee wangu, yale niliyosema nilikuwa naropoka. Wallahi sijui lolote.

— Najua hujui. Hapa hakuna anayejua.

Akavuta mlango wa duka, akatia kufuli.

— Twende, dada. Tuanze hapo wilayani. Wakisema si kwao, tutauliza kwingine mpaka tujibiwe.

Kuruthumu hakuinua mguu.

— Na wakitujibu je, kaka?

Mikdad alitia funguo mfukoni. Akampokea kikapu, akatangulia mbele polepole ili yule mama apate kumfuata.