Jumatano ya Haddu

Teksi ya kupanda milima ya Atlasi ilitubeba watu sita, na fimbo ya abiria mmoja, mpima theluji, ilinichoma mbavu kila kona.

“Februari hii theluji haifiki kifundo cha mguu,” alimwambia Bibi Tuda, aliyekaa kati yetu. “Kiangazi mfereji wenu utakuwa na maji ya kunawa tu, mama.”

“Zamu yangu ya maji ni Jumanne. Itanitosha.”

“Zamu gani tena? Si umesema umebaki peke yako kijijini? Mwagilia wiki nzima.”

“Jumatano ni ya Haddu.”

“Yuko wapi huyo Haddu?”

“Marseille, ng’ambo. Mwaka wa kumi na mbili huu.”

“Kwa hiyo Jumatano unafunga maji yako, yaende kwenye shamba lake la mawe.”

“Alfajiri nafunga. Haddu ni mkali.”

Mpimaji alicheka, akatutazama tumsaidie.

“Milozi yako itakauka, mama. Chukua yote. Nani atakuuliza?”

Teksi ikasimama kwenye njia ya kwao. Bibi Tuda alishuka na gunia lake la unga, akainama dirishani.

“Mwaka jana niliiba Jumatano moja, makusudi,” alisema. “Nikakaa mlangoni mpaka jua likazama, nikimngoja mtu aje kunitukana.”