Kiti Kilichong'olewa Nyarero

Nesi Huruma alikuwa ameanza kusinzia basi lilipotoka Tarime, lakini maneno ya kiti cha mbele yake yakamtoa usingizi wote.

"Mume wangu ana gari aliloliunganisha mwenyewe pale nyumbani Nyarero," mama mmoja alikuwa akimwambia mzee aliyeketi naye. "Kila Jumamosi analipunguza uzito ili likimbie. Aling'oa milango, nikanyamaza. Jana, baba, kang'oa kiti changu!"

"Ati nini?" Mzee alishika kofia yake kama vile nayo ingeng'olewa. "Na cha kwake?"

"Kipo. Ina maana uzito wenyewe ni mimi. Ndiyo narudi kwetu Nyambureti."

Huruma akaziba mdomo kwa kitenge.

"Lakini mwanangu, gari jepesi kweli linakimbia," mzee alijaribu.

"Likimbie naye!"

Basi liliposimama Nyambureti, abiria walipigwa na butwaa. Lile gari lisilo na milango lilikuwa limeshafika, na mwenyewe amesimama kando, vumbi hadi kwenye kope, anachekelea.

"Mama Gift, nimekuja kukuchukua!"

Mama Gift akachungulia ndani ya gari.

"Nikae wapi?"