Bi Batoul na Kiti cha Ndege ya Moroni

Assalaam alaykum, ndugu zetu, majirani, na nyote mliopita vichochoro hivi vya Mutsamudu tangu asubuhi kuja kutupa pole. Mimi ni Mikidache, mdogo wake marehemu, familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha yake, na nitayasoma kwa adabu ingawa nina hasira.

Marehemu Batoul binti Fakri alizaliwa hapa Mutsamudu tarehe 3 Machi 1953, akasoma Kurani kwa mwalimu wake, Fundi Mbaé, kisha shule ya msingi na sekondari, na mwaka 1974 akaajiriwa katika ofisi ya kukata tiketi za ndege, alikofanya kazi hadi alipougua. Abiria waoga aliwatania kwamba kutoka uwanja wetu wa ndege wa Ouani hadi Moroni, kisiwa cha jirani, ni kilomita kama mia na arobaini tu, nusu saa na ushee angani, hujamaliza dua zako umeshatua.

Ofisini hapo ndipo alipokutana na Chamsidine, mfanyabiashara wa Moroni, wakafunga ndoa tarehe 12 Juni 1976, bwana akahamia nyumbani kwa mkewe kama ilivyo desturi yetu, huku akienda kwao na kurudi, na Mungu akawajalia binti mmoja, Kaltoum.

Agosti 1997, kisiwa chetu kilipojitenga na serikali ya Moroni, Chamsidine alikuwa Moroni, ndege zikakatika, na Kaltoum alikuwa ameshaposwa na Zaïd wa Ouani. Kadhi alimweleza dada kwamba baba aliye mbali kupita umbali wa safari unaomruhusu msafiri kupunguza sala huhesabiwa hayupo, hivyo yeye kadhi angeweza kumwozesha binti, lakini dada alikataa katakata, akisema mtu aliye umbali wa nusu saa haitwi hayupo, na harusi ikasogezwa mwaka baada ya mwaka.

Ndege ziliporudi mwaka huu, alimwekea mumewe kiti mara kadhaa, na kila mara kiti kilikuja kitupu. Kwenye simu Chamsidine alisema anaogopa kukamatwa na wakubwa wa kisiwa chetu, hadi binamu yetu Rafia aliporudi kutoka Moroni na kutuambia kwamba shemeji ana mke na mtoto huko Itsandra, jirani na Moroni, na hana hofu yoyote. Kuoa mke wa pili si dhambi, ila alituacha tumtetee mbele za watu miaka minne, naye akijua anatudanganya, na hilo limetuuma sana.

Dada, ambaye moyo ulianza kumsumbua mwaka 2000, alizidiwa akawa wa kitandani wiki ileile. Tarehe 20 Septemba alimwita kadhi, akatamka kwa kinywa chake, mbele yetu sote, kwamba mume wake yuko mbali na ahesabiwe hayupo, na Kaltoum akaozwa siku hiyo bila ngoma. Alifariki leo, Jumanne tarehe 6 Novemba 2001, saa kumi alfajiri.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia hata dawa zilipoadimika, majirani waliompikia uji, wenzake wa ofisini, na mkwe wetu Zaïd kwa subira yake. Chamsidine amepiga simu asubuhi akilia, akiomba tusizike hadi afike kwa ndege ya kesho, na Kaltoum ndiye aliyeipokea, akamjibu kwamba maziko ni leo baada ya Alasiri.

Dada yangu, pumzika kwa amani, hatumsubiri mtu tena.