Sura Iliyokatwa Kwenye Picha: Tunamuaga Mama Dee

Bi Darlene Vossberg, ambaye hata mkuu wa chuo humwita Mama Dee, anastaafu leo Ijumaa, tarehe 16 Mei 2025, baada ya kukitumikia chuo chetu kwa miaka thelathini na mmoja. Kamati imeniomba niandike wasifu mfupi na wa kuchangamsha. Mfupi nitajaribu. Wa kuchangamsha sina hakika, maana lipo jambo moja la mama huyu ambalo mpaka leo sijui nilicheke au nililie, na ndilo aliloniruhusu nilieleze.

Tuanze na yaliyonyooka. Aliajiriwa mwaka 1994 kuwa mama mlezi wa nyumba ya Udugu, ile ya matofali mekundu mtaa wa Cedar, wanakokaa wanachama wa tawi letu la chama hicho cha wanafunzi wa kiume. Kazi yake ilikuwa kuwapikia, kuwakemea, na kuwafundisha vijana wa mashamba ya mahindi kula kwa uma bila kumchoma jirani. Mchuzi wake wa maharage na nyama, unaoliwa na mkate wa mdalasini, uliwahi kumrudisha mezani kijana aliyekwishafunga mizigo ili aache chuo. Kijana huyo sasa ni daktari wa ng'ombe, na kila Krismasi humletea Mama Dee nyama isiyoenea kwenye friji.

Kila mwaka wanachama hupigwa picha ya pamoja: nyuso ndogo ndogo, kila mmoja kwenye duara lake, zote katika fremu moja kubwa, na katikati huwekwa mama mlezi. Fremu hizo zimejaa ukumbini kutoka mlangoni hadi jikoni. Ukitaka kuona nywele za Mama Dee zilivyotoka kahawia zikawa nyeupe, tembea tu taratibu.

Februari 2018, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, Corwin, alinyweshwa pombe kwenye chumba cha chini ya nyumba ile mpaka akazimia, eti ndiyo njia ya kuingia katika Udugu. Wenzake wakakubaliana asiambiwe mtu. Mama Dee aliita gari la wagonjwa, na chuo kilipomuuliza, alisema yote. Corwin alipona, na leo ni baba wa mtoto. Tawi likafungwa. Siku ya kuhama, kijana mmoja alichukua wembe akaikata sura ya Mama Dee kwenye picha ya mwaka ule, akaondoka nayo. Mama alikuwa anafagia ukumbi huo huo. Aliniambia kilichomuuma si wembe. Ni kwamba kijana alipofika mlangoni alimuaga kwa upole, kama siku zote.

Makao makuu ya Udugu yana utaratibu wake. Tawi likifungwa, husubiri hadi wote waliokuwapo wamalize chuo, pasibaki wa kukumbuka, ndipo waanze upya. Miaka hiyo ofisi yetu ya makazi ilipangishiwa nyumba ile, na Mama Dee akawa mpokea wageni wetu. Mwaka 2023 walipofika vijana wawili wenye tai kutoka makao makuu kutafuta wanachama wapya, sote tulitega masikio tumsikie akiwafukuza. Akawauliza kama wamekula.

Nilimvuta pembeni. "Mama Dee, hawa si wale wale?"

"Wale walikuwa wale, Leland. Hawa wana njaa."

Nikarudi mezani kwangu bila kuelewa kitu.

Basi wakapatikana vijana ishirini na kitu wa kulifufua tawi, sisi tukahama, na Mama Dee akarudi jikoni. Hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kuuona Udugu kwa macho, na wote walikuwa na kiu ya mila za kale. Mlango wa mbele ulikuwa umekwama tangu mvua ya mawe ya mwaka mmoja. Wao wakadhani ni mwiko kuupita, wakawa wanazungukia jikoni. Walipoifikia picha ya mwisho na ule uwazi wa katikati, wakasimama. Kiongozi wao, Brecken Oltmann, akauliza, "Mama Dee, huyu ni nani? Alikufa?"

"Kaeni mle, chakula kinapoa," akajibu.

Picha za miaka mingine ziko ukuta huo huo, na katikati ya kila moja yuko yeye. Wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama. Wahenga hawakukutana na Brecken. Vijana walijua tu kwamba tawi la zamani lilifungwa kwa sababu ya pombe, wakajijibu wenyewe: ndugu mmoja alizimia, wenzake wakaogopa kuita msaada, akafa, sura yake ikaondolewa kwa huzuni. Tangu hapo, kila Jumamosi kabla ya kutoka, husimama mbele ya uwazi ule, wakainamisha vichwa na kuapa, "Hatumwachi mtu." Mama Dee hupita katikati yao na sinia la mikate, nao humpisha kwa heshima, kisha wakaendelea kumwombolezea.

Nilimsihi aseme ukweli. "Nikisema ni mimi watacheka," akasema. "Wakishacheka, imekwisha." Nilichanganyikiwa kabisa. Mimi ni mtu wa kanuni, na kanuni zetu za pombe ni kitabu kizima. Lakini sijawahi kumwona mwanafunzi akikiinamia.

Oktoba iliyopita, siku ya mpira, kule wanakochoma soseji nje ya uwanja, mwanachama mpya aitwaye Teague alilewa akaanguka nyuma ya gari. Tawi lilikuwa bado kwenye majaribio. Kuita msaada kungeweza kuwakosesha hati ya kurudishwa rasmi. Brecken alishika simu.

"Na hati je?" mwenzake akamuuliza.

"Hati kitu gani! Unataka tukate picha nyingine?"

Teague alipona. Chuo kilizingatia kwamba walijisema wenyewe, na mwezi uliopita hati ikatoka. Nilipompelekea Mama Dee habari za siku ile, alijifunika uso kwa aproni akalia, kisha akacheka, kisha akaniuliza kama yeye ni mwongo. Sijui mpaka sasa.

Juzi akaniambia, "Nikishaaga, waambie. Kiapo chao kimekomaa." Nami nimeshasema.

Mama Dee, asante kwa kila sahani na kila karipio. Nenda Duluth kwa dada yako, ukavue samaki, na uishi miaka tele ya kupikiwa na wengine. Picha ya mwaka huu inatundikwa leo, nawe umo katikati. Ile ya 2018 umeomba isizibwe. Nanyi vijana wa Udugu, leo jioni kabla hamjainamisha vichwa, viinueni kwanza. Marehemu wenu amekaa meza ya mbele, anakula keki.