Walidhani Anawasikiliza

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti. Leo tunamkumbuka mtu aliyelipwa mshahara ili anyamaze. Msicheke, ni kweli kabisa. Alikuwa kocha, lakini si wa mpira. Alikuwa kocha wa timu za watengeneza programu za kompyuta. Kazini walimwita Kocha Maji. Narudia, Kocha Maji, na jina hilo lina kisa chake.

Mwanzoni aliitwa Bwana Jibu. Timu zake zilifanya kazi kwa hatua fupi fupi. Wanatengeneza kipande kidogo, wanamwonyesha mteja, wanakaa chini kuulizana wamejifunza nini, ndipo wanaanza kingine. Kazi ya kocha ni kuwasaidia wafikiri wenyewe. Yeye, maskini, alikuwa akiwafikiria. Mtu hajamaliza kueleza tatizo, jibu limeshamtoka. Basi akaenda likizo. Aliporudi, kazi imelala palepale alipoiacha. "Tulikuwa tunakusubiri wewe," wakamwambia.

Binti yake anasimulia: "Baba alituambia, 'Wanangu, mimi nina ugonjwa wa mdomo.' Sisi tukadhani ni jino."

Dawa aliitafuta mwenyewe. Kila akiuliza swali kikaoni, alipiga funda la maji akalibana mdomoni. Halimezi mpaka mwingine aseme. Siku za kwanza zilikuwa vichekesho vitupu. Kuna mtu alitoa mzaha, maji yakaruka moja kwa moja kwenye kompyuta ya mhasibu. Lakini hakuacha. Alifanya mazoezi hata nyumbani, mkewe akimlalamikia kuhusu fundi bomba, yeye mashavu yamevimba. Pole pole timu zikamwelewa. Kocha akipiga funda, ni zamu yenu kufikiri. Wakajifunza kubishana bila kugombana, kukosea, na kujirekebisha wenyewe.

Chini yake alikuwapo dada mmoja aliyejifunza ukocha. Walimwita Kocha Mdogo. Funzo lake la kwanza lilikuwa hili: usikate kimya cha mtu. Usikate kimya cha mtu. Alilishika funzo hilo vizuri. Wasikilizaji wapendwa, alilishika vizuri mno.

Ilikuwa asubuhi kweupe, siku ya kikao cha kujitathmini. Madirisha wazi, ubao umejaa vikaratasi vya rangi. Kocha Maji akauliza, "Ni nini tunachoogopa kukisema?" Akapiga funda. Akaegemea kiti. Akanyamaza.

Timu ikaongea kuliko siku zote. Mmoja akakiri kwamba programu waliyomwahidi mteja haitakuwa tayari, na kwamba wote walijua. Mwingine akabubujikwa na machozi. Wakapanga kazi upya, wakagawana, wakaanza hata kutaniana. Katikati ya mazungumzo kijana mmoja alimgeukia Kocha amuulize jambo. Kocha Mdogo akamzuia kwa mkono.

"Mwache," alisema. "Anatusikiliza."

Hakuwa anawasikiliza. Moyo wake ulikuwa umesimama. Kikao kilipoisha walijipigia makofi, kwa furaha, wakamgeukia awaone. Macho yalikuwa wazi. Maji yalikuwa yamechuruzika hadi kwenye kola ya shati.

Daktari hakuweza kusema kama wangewahi kumwokoa. Labda ndiyo, labda sivyo. Hiyo labda ndiyo aliyolala nayo Kocha Mdogo tangu siku ile.

Timu akakabidhiwa yeye, na mambo yakamshinda. Akiuliza swali na chumba kikatulia, jasho linamtoka. Anavitazama vifua vya watu, kama vinapanda na kushuka. Kisha anajibu mwenyewe, mbiombio, kimya kisipate nafasi. Timu ikarudia kusubiri kuambiwa. Kiti cha marehemu hakuna aliyekikalia. Hata hivyo mtu akimaliza kusema, shingo yake ilikigeukia, kisha akainamisha uso kwa aibu. Kocha Mdogo akaona bora aache kazi. Lakini kwanza akaenda kwa mjane.

"Mama, nimekuja kuomba msamaha," alisema, hata kabla ya kukaribishwa kiti. "Wenzangu walitaka kumsemesha. Mimi ndiye niliyesema aachwe."

Mjane alimsogezea kiti. "Keti, mwanangu. Asubuhi ile alikaa ukingoni mwa kitanda, mkono kifuani. Nikamuuliza, vipi? Hakunijibu. Nikajua ni yale mambo yake ya kunyamaza. Nikamwacha, nikaenda kumpigia shati pasi."

Mjane hakuwa amemwambia mtu habari hiyo, hata binti yake. Wakalia wote wawili, kwa sauti, bila kubembelezana. Dada yule alipoaga, mjane alimshika kiganja. "Usiache kazi. Wape kimya chao, kama alivyokufundisha. Ila uwe unawagusa."

Kocha Mdogo amerudi kazini. Anauliza swali, anasubiri. Jasho bado linamtoka, ametuambia mwenyewe, na bado anakiogopa kile kiti. Lakini akisubiri huzunguka chumba, akagusa kila bega. "Upo?" "Nipo." Wapo wanaoona ni utoto, ila hakuna anayekataa kuitikia.

Wasikilizaji wapendwa, tunawapa pole mjane, binti na wadogo zake, na timu zote alizozilea. Mungu amlaze marehemu mahali pema. Kwa desturi ya kipindi hiki, hapa tungetulia kidogo kwa heshima yake. Mjane ametusihi tusifanye hivyo. Amesema kimya alichokisikia kinamtosha maisha yake yote. Basi wewe unayetusikiliza, kama humo chumbani kuna mtu wako aliyenyamaza, usiseme anafikiri, usiseme amechoka. Mwite jina. Mwite sasa hivi, na usitoke hapo mpaka akuitikie.